Nyimbo Zilizopangwa na Santuri

Jina la Santuri alipewa bwenini, na siku aliyopewa alifurahi utadhani amepewa nyumba na funguo zake. Kwao alikuwa na jina la heshima, la marehemu bibi yake mzaa baba, lakini nani ana haja na jina la bibi wakati chuo kizima kinakuita Santuri, wavulana wanakupungia mkono koridoni, na wasichana wa mwaka wa kwanza wanakupisha kwenye foleni ya maji? Alinogewa. Na mtu aliyenogewa, jamani, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Tangu hapo ukimwita kwa jina la nyumbani alikuwa anachelewa kugeuka.

Nyumbani kwao walibaki watatu. Wazazi walishatangulia, mmoja akimfuata mwenzake upesi, wakaacha nyumba ya vyumba viwili, uwanja wa mbele uliojaa vipande vya chuma, na kaka mkubwa aliyekuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Kaka huyo hakuoa. Si kwamba wanawake hawakumtaka, la. Alisema kwanza awavushe wadogo zake wawili. Akaweka sheria yake, na ilikuwa sheria ya fundi mageti hasa. "Nyumba hii ina mlango mmoja," aliwaambia, "na mlango wenyewe mwembamba. Tutapita mmoja mmoja." Maana yake Santuri asome kwanza, amalize, apate kazi hospitali, kisha mshahara wake ndio umsomeshe kitindamimba. Kaka hangeweza kuwabeba wote wawili. Macho yake yalikwisha kuanza kumsaliti; mwanga wa kuchomelea uliyaunguza mpaka akawa anakagua kiungo cha chuma kwa kukipapasa na kidole.

Kitindamimba naye alikuwa binti mwenye akili kuliko wote, na mtaa mzima ulijua hivyo, Santuri mwenyewe akiwa wa kwanza kujua. Sekondari alifaulu vizuri kumzidi dada yake. Lakini zamu ni zamu. Akakaa nyumbani akimshikia kaka yake vyuma, akipiga msasa mageti ya watu, akichanganya rangi, vidole vyake vikanuka kutu hata akinawa kwa sabuni ya unga. Kila Santuri alipokuja likizo, mdogo wake alimtazama akifungua begi, akachukua madaftari ya chuo akayasoma yote kuanzia jalada mpaka jalada, halafu akayarudisha. Hakulalamika. Alikuwa anajiandaa.

Chuo chenyewe kilikuwa cha wataalamu wa maabara za hospitali: damu, mkojo, makohozi, vioo na hadubini. Mwalimu mkuu wa maabara alikuwa mama mmoja mnene, mkali kama pilipili kichaa, ambaye katika maisha yake alikuwa na dini moja tu, nayo ni lebo. Kila kichupa kiandikwe: ni kitu gani, cha nani, cha lini, na aliyekishika ni nani. Kichupa kisicho na lebo alikimwaga kwenye sinki mbele ya macho yako, hata kama umekihangaikia wiki nzima. "Huu ni uchafu," alisema, huku maji yakienda. "Kama unaogopa kuandika jina lako hapa, kauze vitumbua." Wengine walimcheka pembeni. Santuri ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Aliweka lebo kwenye sabuni yake, kwenye ndala zake, kwenye kikopo cha chumvi, na maksi zake za maabara zilikuwa za juu kila muhula. Kwa kazi ile alizaliwa, hilo hakuna atakayemnyang'anya.

Sasa, bwenini kulikuwa na waya wa mtandao unaoingia kila chumba. Uliwekwa ili wanafunzi wasome vitabu vya maktaba wakiwa vyumbani mwao. Vitabu! Loo! Waliouweka hawakuwahi kuwa vijana. Mtu anaacha folda wazi kwenye laptopu yake, na jirani wa mwisho wa korido anachota nyimbo bila hata kuvaa viatu. Wachache walizishusha kutoka nje, kwenye tovuti za wizi, na wimbo ukishaingia kwenye ule waya ulienea mabweni yote kabla chai haijapoa. Wanafunzi wakajiwekea sheria yao: chota utie. Ukichukua wimbo, weka wimbo. Asiyeweka aliitwa kupe, na kupe akigundulika alifungiwa milango ya folda zote, akabaki na redio ya mlinzi.

Kabla Santuri hajaingia, mambo yalikuwa fujo tupu. Wimbo umeandikwa "Namba saba." Mwingine "Huu mkali sikiliza." Mwingine hauna jina, una alama za ajabu tu, unaufungua unakuta ni mahubiri. Yeye akaona sinki la mwalimu wake. Akaanza kuzisafisha moja moja: jina la wimbo, mwimbaji, mwaka, na kikundi kilichompigia. Alizokuwa na mashaka nazo alizisikiliza tena na tena mpaka ampate mpiga gitaa. Akipata asichokijua aliuliza, akasoma, akabishana na wavulana wa mwaka wa tatu akawashinda. Halafu, kwenye sehemu ile ndogo ya maelezo ambayo kila faili la wimbo hubeba ndani yake, akaandika kama alivyofundishwa: Imepangwa na Santuri.

Hebu niambieni ninyi. Mtu anaiba, halafu anatia sahihi! Nimeona wezi wa kuku, nimeona wezi wa nyaya za umeme, nimeona wezi wa waume za watu, lakini mwizi anayeandika jina lake juu ya kila alichoiba nilimsikia kwa huyu tu. Naye hakuona ubaya wowote. Kwake yeye lebo isiyo na jina la aliyeshika si lebo. Wenzake hawakujali, kwani nani anasoma maelezo ndani ya faili? Wao walichota tu, na kila walipochota, jina lake lilikwenda pamoja na wimbo chumba kwa chumba.

Chumba chake alikaa na Kidosho. Kidosho aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa hivyo: mdogo wa umbo, ngozi laini, macho ya kuomba msamaha kabla hajakosa. Baba yake alikuwa mjumbe wa bodi ya chuo. Tangu aingie chuoni hajawahi kutia wimbo hata mmoja kwenye folda ya mtu, na hakuna aliyethubutu kumwita kupe. "Santuri wangu," alikuwa anasema, amejilaza kitandani na miguu ukutani, "nitafutie ule wa jana, ule wa yule mama mwenye sauti ya mafua." Na Santuri, ambaye kesho yake alikuwa na jaribio, aliacha daftari akautafuta. Alimpenda Kidosho. Alikuwa hajawahi kuwa na shoga mwenye baba.

Basi mtandao ukajaa. Kurasa za maktaba zikawa hazifunguki. Walimu wakituma kazi, haziendi. Kisha ikaja barua kutoka chama cha wanamuziki, ikisema kazi za wanachama wao zinamwagika kutoka chuoni hapo, na wapo waliorekodi kwa jasho lao ambao hawajaonja hata kikombe cha chai kutokana na nyimbo hizo. Kampuni iliyouza mtandao nayo ikapiga simu: ama chuo kimpate mhusika na kumwadhibu, ama waya unakatwa. Mkuu wa chuo, bwana mmoja mrefu mwenye sauti ya upole iliyotisha kuliko kelele, akamwita fundi wa mitambo.

"Ni akina nani?" akauliza.

"Mkuu, ni karibu mabweni yote," fundi akasema. "Kila nikitazama naona folda ziko wazi."

"Mabweni yote si jina. Nenda kaniletee jina."

Tangazo likabandikwa ubaoni: siku ya Jumatatu, baraza la chuo kizima, na vyumba vitakaguliwa baada ya hapo. Ilikuwa imebaki miezi michache tu mtihani wa mwisho ufanyike. Santuri alilisoma tangazo lile akaogopa. Si kwa ajili yake peke yake. Alimwona kaka yake akipapasa chuma, akamwona mdogo wake na madaftari. Akifukuzwa yeye, hakuna mshahara, na bila mshahara kitindamimba hasomi, basi, hadithi yake inaishia kwenye msasa. Alijua hivyo vizuri kabisa, asije mtu akasema hakujua.

Wakakutana sehemu ya kufulia, wale vigogo wa folda wote, huku maji yakiachwa yatiririke ili sauti zisisikike. Wengine walisema wakimbie, wengine walisema wakane. Kidosho, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akainua mkono kama yuko darasani.

"Mbona rahisi?" akasema. "Mkuu akiuliza nani amehusika, tunasimama wote. Wote! Atafukuza chuo kizima? Atabaki anamfundisha nani, viti?"

Wakacheka. Wakakubali. Wakashikana mikono iliyolowa sabuni, wakaapa kila mtu kwa anachokiamini: tukishikwa, tumeshikwa wote. Santuri alipumua kwa mara ya kwanza tangu alisome lile tangazo. Halafu mmoja wao, kijana wa bweni la pili, akakuna kichwa akasema kwamba hata hivyo ni vizuri wafute nyimbo kabla ya ukaguzi. Wakakubaliana tena. Lakini Kidosho akashtuka.

"Tukifuta wote, zikipita hizi kelele tutazipata wapi tena? Kazi yote ile! Santuri, wewe usifute. Wewe ndiye ghala letu. Mambo yakitulia unaturudishia."

"Kweli kabisa," wakaitikia. "Santuri asifute."

Naye, mpumbavu wa Mungu, akaona ameheshimiwa. Badala ya kuuliza kwa nini ghala liwe kwake, alijibu, "Msiwe na wasiwasi, kwangu haupotei hata mmoja." Akaenda chumbani akazikagua zote, akasahihisha tatu zilizokuwa na kosa la mwaka.

Jumatatu ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mkuu wa chuo akapanda jukwaani pamoja na walimu wake, akasoma barua ya wanamuziki mwanzo hadi mwisho bila kuharakisha. Akaikunja. "Sitaki kupekua watu kama polisi," akasema kwa ule upole wake. "Ninyi ni watu wazima, kesho mtashika damu za wagonjwa. Aliyehusika asimame mwenyewe."

Santuri akasimama.

Alisimama haraka, kwa sababu alitaka kuwapa moyo wenzake. Kiti chake cha kukunja kikapiga kelele nyuma yake. Alisubiri kusikia viti vingine. Unajua ule ukimya ambao mtu anausikia mpaka kwenye meno? Alitazama kulia, kijana wa bweni la pili alikuwa anasoma kiganja chake. Alitazama mbele, migongo, migongo tu, imenyooka utadhani wanapigwa picha. Akamtazama Kidosho, aliyekaa naye bega kwa bega. Kidosho alikuwa ameona uzi umechomoza kwenye mkono wa blauzi yake, akawa anauvuta polepole, kwa uangalifu mkubwa, ili blauzi isiharibike.

"Peke yako?" mkuu akauliza.

Kutoka viti vya nyuma mtu akacheka, kicheko cha puani, na kicheko kile kikaambukiza, kikaja mbele safu kwa safu mpaka hata baadhi ya walimu wakainamisha nyuso. Wale wale waliochota kwake asubuhi na jioni. Shukrani ya punda ni mateke, sawa, lakini punda angalau hampigi mtu akiwa anacheka.

"Haya, kaa," mkuu akasema. "Hapana, usikae. Njoo ofisini."

Ofisini mkuu hakumgombeza hata kidogo. Alimwonyesha kiti. Alimwambia ukweli, na pengine ule ndio wema pekee aliopata siku ile: chuo kinahitaji majina, jina moja halitoshi, mtu mmoja hawezi kujaza mtandao wote ule. "Nitajie wenzako, uende ukafanye mtihani wako. Sina shida na wewe. Mwalimu wako wa maabara anakusifu."

Na Santuri akakataa! Alichekwa na ukumbi mzima dakika chache tu zilizopita, machozi hayajakauka, na bado akasema, "Mkuu, siwezi kutaja." Alijidanganya kwamba wenzake waliingiwa na woga tu, kwamba jioni watakwenda kwa mkuu mmoja mmoja wakiri. Alirudi chumbani akawangoja. Hakuna aliyepita hata kuazima chumvi.

Akaitwa kaka. Alifika na nguo zake za kazi, suruali imetobolewa na cheche, macho mekundu yakitoa maji, akakaa pembeni ya meza ya mkuu na kamati yake ya nidhamu akiwa amekunja kofia yake mkononi. Kamati ikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jambo moja.

"Akitaja, anabaki?"

"Akitaja, na ikithibitika, anabaki."

Kaka akamgeukia dada yake. "Taja."

"Kaka, tuliapa..."

"Taja! Wao wana zamu gani nyuma yao? Mimi nina mtoto nyumbani amekaa juu ya vyuma anakusubiri wewe, halafu unaniletea kuapa? Taja sasa hivi."

Akataja. Alianza na Kidosho, kisha kijana wa bweni la pili, kisha wengine. Wakaitwa na laptopu zao. Fundi wa mitambo akazifungua moja baada ya nyingine mbele ya kamati. Ya Kidosho ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa: masomo, picha za ndugu, basi. Za wengine hivyo hivyo. Kwa wawili watatu waliokuwa wazembe kulibakia nyimbo chache kwenye pembe walizozisahau, na fundi, kwa kuwa aliagizwa achunguze, akafungua maelezo ya ndani akayasoma kwa sauti. Imepangwa na Santuri. Akafungua mwingine. Imepangwa na Santuri. Mwenyekiti wa kamati akavua miwani akaipangusa.

"Huyu binti alikuwa na duka," akasema.

Mwalimu wa maabara alikuwepo. Alitazama yale maandishi kwenye kioo cha laptopu, akayatambua, maana aliyafundisha yeye: kitu gani, cha nani, cha lini, aliyeshika ni nani. Akageuza uso dirishani mpaka kikao kikaisha.

Kidosho alipoulizwa alilia kwanza. Alilia vizuri, bila kamasi. "Mkuu, mimi nilimkataza," akasema. "Nilimwambia, Santuri wangu, hizi ni kazi za watu. Hakunisikia. Nilinyamaza kwa sababu ni shoga yangu, kumbe yeye anaweza kunifanyia hivi." Wengine wote wakasema vivyo hivyo, wengine kwa maneno yale yale, maana walikuwa wameyafanyia mazoezi huko kwenye kufulia, maji yakitiririka.

"Fundi," Santuri akaita, amesahau hata kuomba ruhusa ya kusema, "wewe si uliziona? Folda zilikuwa wazi kila chumba, sema basi!"

Fundi akamtazama mkuu. Mkuu akamtazama fundi, kwa upole.

"Una ushahidi wa leo?" akamwuliza.

Fundi alikuwa na watoto wanne na mkataba wa mwaka hadi mwaka. "Wa leo sina, mkuu," akasema, akaanza kuzungusha waya wake kwenye kiganja.

Ndiyo hivyo. Aliponyamaza ilikuwa ni wizi. Alipotaja, ikawa wizi na kusingizia watoto wa watu. Akafukuzwa, mtihani hafanyi, na cheti cha miaka yote aliyosoma hapati hata kipande. Kaka aliposikia hukumu akafanya jambo ambalo Santuri alitamani asingeliona mpaka anaingia kaburini: alipiga magoti. Mtu mzima, fundi wa watu, juu ya sakafu iliyopigwa nta.

"Mkuu, nakuomba. Nyuma yake kuna mdogo wetu mwingine. Anasubiri huyu amalize. Ni mtoto ana akili, mkuu, ana akili kweli."

"Na huyo naye anapenda muziki?" mkuu akauliza.

Kamati ikacheka. Si kicheko kikubwa. Kile cha watu waliochoka wanaotaka kwenda kula. Kaka akainuka, akavaa kofia yake, akasahau kwamba yuko ndani.

Alipokuwa anafunga begi, Kidosho akaingia. Akasimama karibu na kabati, anachezea ufunguo wake uliotundikwa kidubu cha plastiki. Santuri, kwa ujinga ule ule, moyo ukamruka. Akadhani shoga yake amekuja kuomba radhi, na alikuwa tayari kabisa kusamehe.

"Santuri, usinielewe vibaya," Kidosho akasema. "Zile nyimbo... zimeshafutwa au bado? Nilikuwa nataka uniachie nakala kabla hujaondoka."

"Fundi amefuta zote."

"Zote?" Kidosho akashika shavu. "Mungu wangu! Hasara gani hii!" Akakaa kitandani kwake, akatoa simu, na mpaka begi linatoka mlangoni alikuwa anamwandikia mtu mwingine kumwuliza kama anazo.

Wakarudi nyumbani, kaka amebeba ndoo. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba wa kwao ndio hupewa sahani kubwa zaidi. Walimkuta kitindamimba uwanjani akipiga msasa geti la watu, nywele zimejaa vumbi la kutu. Aliliona begi. Akaona ni mizigo yote, pamoja na ndoo, na likizo ilikuwa bado. Akamtazama kaka yake.

"Mwulize mwenyewe," kaka akasema, akapita kwenda kuketi juu ya boksi la mashine.

Santuri akamweleza. Alieleza akiwa amesimama, begi mkononi, na alieleza yote, baraza, Kidosho, magoti, na kwamba hakutakuwa na cheti wala kazi hospitali. Mdogo wake hakumkatiza. Alisikiliza kama alivyosoma madaftari, kuanzia jalada mpaka jalada. Kisha akaweka msasa chini.

"Nyimbo," akasema.

"Ndiyo."

"Za kusikiliza tu?"

"Za kusikiliza."

"Hawakusema umeiba dawa. Wala damu. Wala mtihani."

"Hapana. Nyimbo."

Binti akapangusa mikono kwenye sketi yake, akakaa juu ya lile geti lililolazwa, akaikunja miguu. Hakukuwa na hasira usoni pake, na hilo lilimtisha dada yake kuliko kofi.

"Niimbie mmoja," akasema.

"Nini?"

"Niimbie mmoja, dada. Chagua ule mzuri kuliko wote. Nataka kujua zamu yangu imeliwa na nini."

Santuri akamgeukia kaka, akidhani atamkemea mtoto. Kaka alikuwa ameinamia magoti yake, yale yale aliyoyapiga kwenye nta, vumbi la sakafu ya ofisi bado liko kwenye kitambaa. "Imba," akasema, bila kuinua kichwa.

Akaimba. Alichagua ule aliousikiliza zaidi, ambao alimjua mwimbaji wake, mwaka wake, mpiga gitaa wake na mpiga gitaa aliyekuwepo kabla ya huyo. Sauti yake haikuwa nzuri, haijawahi kuwa nzuri. Mstari wa kwanza ukaenda, wa pili ukachechemea, na baada ya hapo akakuta hajui maneno. Miaka yote ile alikuwa anazipanga nyimbo, maneno hakuwahi kuyashika. Akarudia mstari wa kwanza. Akakwama pale pale.

"Endelea," mdogo wake akasema.

"Hapo ndipo nilipofikia."

"Ndiyo huo tu?"

"Ndiyo huo."

Kitindamimba akashuka kwenye geti, akaokota msasa wake, akachana kipande kwa katikati na kumpa dada yake nusu. Akamwonyesha upande wa kuanzia, kule chini kwenye bawaba, ambako kutu huwa nyingi.